Jigglypuff Akionekana kutoka Juu

Swali lenyewe ni hili. Kwenye skrini kuna mduara mweusi. Hauna macho, hauna miguu wala mkia. Ni Pokémon gani huyu?

Mimi nilipiga kelele: Voltorb! Kakangu akasema, tulia wewe, hiyo ni Electrode, angalia saizi. Tulikuwa Kawangware, kwenye chumba kimoja, mbele ya tivi ya Greatwall ya inchi 14, na kila mtu alikuwa ameweka heshima yake mezani. Jibu likatoka: ni Jigglypuff akionekana kutoka juu.

Kakangu alicheka mpaka akaanguka kwenye godoro. Halafu akanyamaza ghafla, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hivi ndivyo wanatuletea swali la mwisho la hesabu." Ilikuwa mwaka 2009. Mimi nilikuwa darasa la tatu, yeye darasa la nane, na KCPE ilikuwa imebakisha wiki chache.

Nataka kuizungumzia hiyo episodi. Ni ya 56 katika mfululizo wa kwanza wa Pokémon, ilitoka Japani mwaka 1998, na kwa Kiingereza inaitwa "The Ultimate Test". Mashabiki wengi wa katuni hii hawaiweki hata kwenye orodha ya episodi 20 bora. Hakuna anayekufa, hakuna anayeagana na Butterfree wake huku jua likizama. Ni episodi ya kujaza nafasi, ile ya kutazama ukingoja maandazi yaive. Lakini kwa mtu aliyesomea Kenya, nadhani hakuna episodi nyingine inayomgusa pabaya kama hii. Nimeirudia mwaka huu mara nne, na kila mara naondoka na hasira tofauti.

Kwanza hadithi, kwa wale ambao utoto wao ulikuwa wa Tom and Jerry pekee. Ash ni kijana wa miaka kumi anayetaka kuwa bingwa wa Pokémon. Ili aingie kwenye Ligi anahitaji beji nane. Kila beji inapatikana kwenye jimu, kila jimu iko mji wake, na kutoka mji mmoja hadi mwingine anatembea kwa miguu. Kufikia episodi hii ana beji sita. Ndipo anasikia kwamba kuna njia nyingine: mtihani. Ukiupita, unaingia Ligi bila kuzunguka kote huko. Ash, ambaye miguu inamuuma kama ya mtu yeyote, anajiandikisha.

Mtihani una hatua tatu. Ya kwanza ni karatasi, na Ash si mtu wa karatasi, inaonekana wazi. Ya pili ni vivuli, ambako ndiko huyo Jigglypuff aliko. Ya tatu ni ya vitendo: unapewa Pokémon watatu usiowachagua wewe, unaingia uwanjani kupambana na mtahini. Ash anafungua Poké Ball zake na kukuta Weezing, Arbok na Meowth, yaani wanyama wa Jessie na James, wale wezi wa Team Rocket ambao wamekuwa wakimwandama tangu mwanzo. Mambo yanaharibika kwa njia ambayo mambo huharibika katuni hii ikifika dakika ya 18. Mwishowe Ash haingii Ligi kwa mtihani. Anarudi barabarani kutafuta beji mbili zilizobaki, na muziki unaanza.

Funzo liko wazi, hata mtoto wa darasa la tatu alilipata: karatasi ni njia ya mkato, na njia ya mkato haifai. Elimu ya kweli iko barabarani. Nilikubaliana nalo kabisa. Kakangu hakukubaliana nalo hata siku hiyo, na imenichukua miaka mingi kuelewa kwa nini.

Nianze na kile ambacho episodi hii inafanya vizuri, kwa sababu kipo.

Hatua ya tatu ya mtihani ni wazo zuri kuliko episodi yenyewe inavyojua. Fikiria. Katuni nzima imejengwa juu ya imani moja: kwamba nguvu ya mkufunzi inatoka kwa uhusiano wake na mnyama. Pikachu anashinda kwa sababu anampenda Ash, na Ash yuko tayari kupigwa na radi kwa ajili yake. Sasa mtihani unakuja na kusema: haya, weka mapenzi kando. Chukua hawa watatu usiowajua, tuone kama unajua kazi. Ni swali halali. Daktari hachagui mgonjwa. Dereva wa mathree hachagui gari, anakabidhiwa funguo saa kumi na moja asubuhi na klachi ikiwa imekufa ni shida yake.

Na utamu wake ni kwamba Ash anawajua hawa watatu. Amepigana nao karibu kila wiki kwa mwaka mzima. Amepumua moshi wa Weezing mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa James. Lakini anawajua kutoka upande wa pili wa uwanja, kama adui. Ghafla inabidi awaone kwa jicho la mwenye nao. Ndiyo maana naona swali la Jigglypuff halikuwekwa pale kwa kichekesho tu. Hatua ya pili na ya tatu zinauliza kitu kimoja: je, unaweza kumtambua kiumbe ukibadilishiwa mahali pa kusimama? Hapo waandishi walikuwa wameshika dhahabu mkononi. Halafu wakaiachilia, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na ilibidi kitu kilipuke.

Ubaya wa episodi hii unaonekana zaidi ukiiweka karibu na dada yake mkubwa, episodi ya tisa, ya mwaka 1997. Humo Ash na wenzake wanafika Pokémon Tech, shule ya bweni ambako wanafunzi wakihitimu wanaingia Ligi bila kutafuta beji hata moja. Wanakutana na Joe, mwanafunzi anayezungukwa na wenzake na kurushiwa maswali mpaka anachoka. Joe ana Weepinbell, na kwenye mashine ya shule amekwisha kumshinda Misty mara nyingi, maana kitabu kinasema mmea hushinda maji. Anakutana na Misty halisi. Starmie wa Misty anamsukuma Weepinbell nje kama mtu anayefagia uwanja. Halafu anakuja Giselle, malkia wa shule, na Graveler wake anampiga Starmie huyo huyo, ingawa kitabu kinasema maji hushinda mwamba. Ndani ya dakika tano kitabu kimeaibishwa mara mbili, kila upande mara moja. Mwishoni Pikachu, ambaye umeme wake haufanyi kitu kwa Cubone, anashinda kwa kumgeuza fuvu alilovaa kichwani asione mbele. Hicho hakimo kwenye silabasi yoyote.

Episodi ya tisa ni bora kwa sababu inajua shule ile ni ya nani. Ni ya watoto ambao wazazi wao wanaweza kulipa ili mtoto asitembee. Mtihani pale ni ukuta, na ada ndiyo ngazi. Halafu James na Jessie wanatoboa siri kwamba hata wao walisomea pale, na walipata alama mbovu kuliko wote katika historia ya shule. Tunacheka. Lakini jaribu kuitazama tena ukiwa mtu mzima. Watu wawili walifeli mtihani wakiwa watoto, na ajira pekee iliyowapokea ni ya wizi. Huo ni mzaha wa sekunde chache, na una uzito kuliko nusu ya filamu za kuhuzunisha nilizotazama mwaka huu.

Episodi ya 56 inasahau yote hayo. Hapa mtihani si wa matajiri. Uko wazi, unajiandikisha tu. Ukumbi umejaa watu. Na kamera haimwulizi hata mmoja wao: wewe uko hapa kwa nini? Kwa nini hukupita barabarani kama Ash? Katuni inawachukulia wote kama watu wanaotafuta mteremko. Hapo ndipo kakangu alipoudhika.

Maana angalia barabara ya Ash ina nini. Ana mama anayemfungia mfuko na kumruhusu aondoke nyumbani akiwa na miaka kumi. Ana Profesa Oak aliyempa mnyama wa kwanza bila kumtoza shilingi. Na kila mji anaofika, kila mji, kuna Pokémon Center ambapo mnyama akiumia anatibiwa bure, na muuguzi anatabasamu. Mathe, ambaye hakuwahi kutazama katuni hii zaidi ya dakika mbili akipita na sufuria, aliuliza swali moja tu: "Na hawa wakienda hosi hawalipi?" Hawalipi, Mathe. Nilipokuwa mdogo nilidhani jambo la ajabu kwenye Pokémon ni panya anayetoa umeme. Sai naona ni hiyo zahanati.

Mtu mwenye vitu hivyo vyote anaweza kusema mtihani ni njia ya mkato. Kwa wengine wetu mtihani ulikuwa ndio njia, kwa maana nyingine haikuwepo. Na ilikuwa njia nyembamba.

Kwa wadogo zetu wa CBC, wacha niwakumbushe ilivyokuwa. KCPE ilianza mwaka 1985 na mfumo wa 8-4-4, ikafanywa mara ya mwisho 2023. Miaka minane ya shule iliminywa ndani ya siku tatu na kutoka kama namba moja kati ya 500. Namba hiyo ndiyo iliamua kama utaenda shule ya kitaifa, ya mkoa, ama ile ya karibu na kwenu. Matokeo yakitoka, tivi zilionyesha mtoto wa kwanza akibebwa juu juu na wazazi wake huku watu wakiimba. Hatukuonyeshwa mtoto wa pili kutoka mwisho. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa namba, lakini namba zenyewe zilibaki, na mtaani hakuna aliyehitaji gazeti kujua mtoto wa jirani kapata ngapi.

Na namba hazikuwa takatifu vile tulivyodhani. Mwaka 2015 watahiniwa 2,685 walipata A ya jumla kwenye KCSE. Mwaka uliofuata, baada ya bodi ya KNEC kuvunjwa na ulinzi wa karatasi kukazwa, A zilikuwa 141. Mia moja arubaini na moja, nchi nzima. Kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, watoto wa Kenya hawakugeuka wajinga. Kilichogeuka ni mahali pa kusimamia. Mduara ni ule ule, ila mwaka mmoja umeuona kutoka juu na mwaka mwingine kutoka mbele.

Kakangu alipata 358. Kwa mtoto aliyesomea chini ya koroboi wiki zile tokeni zilipoisha, hiyo ilikuwa namba ya kuimbiwa. Barua ya kuitwa ikaja, shule ya bweni, mbali na Nairobi. Pamoja na barua kulikuwa na orodha: sanduku la chuma, godoro, mashuka mawili ya rangi fulani, ndoo, viatu jozi mbili, na ada ya muhula wa kwanza kabla ya kuingia getini. Mathe aliisoma orodha ile mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Iko humo hadi leo. Kakangu alienda sekondari ya kutwa, maana tangu 2008 serikali ilikuwa inalipia masomo kwenye shule za kutwa. Mwaka 2013 akatoka na C. Ukitaka chuo kikuu unahitaji C+. Alama ndogo ya kujumlisha, mistari miwili ya kalamu.

Kwa hivyo ukimwambia huyo mtu kwamba karatasi haina maana na barabara ndiyo mwalimu, atakuuliza: barabara gani? Aliupita mtihani na barabara ikamkataa.

Lakini barabara alikuja kuipata, na hapa ndipo hadithi inanivuruga mimi mkosoaji.

Alianza kwa kuosha magari Lavington. Kisha akajifunza kuendesha. Kama umewahi kufanya mtihani wa udereva Kenya unajua kwamba kabla hujaonyesha uwezo wako kwenye gari unasimamishwa mbele ya ubao uliochorwa mji mdogo, wenye raundabauti na vivuko, na unapewa kigari cha kuchezea. Mtu mzima mwenye ndevu anasukuma kigari kwa vidole viwili akieleza anaingia leni gani. Kakangu anasema alipokishika kile kigari alimkumbuka Joe na mashine yake. Alipita. Kesho yake akaingia Waiyaki Way saa mbili asubuhi, na hapakuwa na kitu hata kimoja kilichofanana na ule ubao.

Tangu 2016 amekuwa akiendesha watalii. Mbuga ya Nairobi anaijua kuliko ninavyoijua simu yangu. Ni kilomita za mraba 117, iko palepale kusini mwa jiji, unapiga picha ya twiga na majengo ya tao yako nyuma yake. Anajua faru hupenda kusimama wapi asubuhi ya baridi. Anajua kuwaambia wageni kwa upole kwamba mbuga ile haina ndovu wa porini, kabla hawajaanza kuwatafuta. Huyo ni Ash wa kweli, msomaji. Miaka ya kutembea, vumbi, viumbe. Ila hakuwa na beji.

Kwenye katuni, beji inatoka barabarani, na mtihani ndio wa kukwepa barabara. Kwetu ni kinyume. Waongoza watalii wa Kenya wana chama chao, KPSGA, kilichoanzishwa 1996, na chama hicho kina madaraja matatu: shaba, fedha, dhahabu. Kila daraja lina mtihani. Ukipita unapata beji, beji kabisa, kama za Ash. Wenye dhahabu ni wachache mno nchini. Na mtu aliyemwajiri kakangu alimweleza wazi kwamba makundi mazuri, yale ya siku kumi yenye bakshishi ya maana, yanaenda kwa wenye beji. Wengine watabaki kuchukua watu wa saa nne, getini na kurudi.

Mwaka jana akafanya mtihani wa shaba. Akaanguka.

Sikuamini. Nilimwambia, si wewe ndiye unayemjua kila mnyama mle ndani? Akasema, namjua. Lakini karatasi iliniuliza mimba yake inakaa siku ngapi, na jina lake la Kilatini ni lipi, na ndege fulani anaitwaje. Ndege ndio walimmaliza. Watalii wake wa saa nne wanataka simba, kwa hivyo kwa miaka yote hiyo hakuwa ameinua macho.

Hapo nilitaka kuandika makala ya hasira. Nilikuwa hata nimepata kichwa chake: kwamba Ash alikuwa sahihi, mitihani yote ni vivuli, tuwape watu beji kwa kazi wanayoifanya. Nikampigia kakangu nimsomee aya mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wacha hiyo, bana. Mtihani haukunionea. Kuna ndege zaidi ya mia nne mle ndani na mimi nilikuwa naita wote ndege."

Sentensi hiyo ilinirudisha kwenye episodi ya 56 kwa macho mengine, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kosa kubwa la episodi, sasa naona, si kwamba inaudharau mtihani. Ni kwamba haimruhusu mtihani kumfundisha Ash kitu. Hebu fikiri Ash angebaki na Weezing na Arbok dakika tano zaidi bila vurugu. Angelazimika kuuliza: Weezing anapenda nini? Arbok anaogopa nini? Angeondoka uwanjani akiwa amefeli lakini akiwa mkufunzi bora, kwa sababu kwa mara ya kwanza angekuwa amemwangalia adui yake kutoka juu. Badala yake waandishi wanamwokoa. Wanaleta mlipuko, wanamwachia kiburi chake mzima, wanamrudisha barabarani na imani kwamba hakuhitaji kujua. Na anakuja kulipia. Kwenye Ligi yenyewe anaishia kwenye 16 bora, anatolewa na Ritchie kwa sababu Charizard, mnyama wake mwenyewe aliyemlea mwenyewe, anakataa kupigana. Barabara haikuwa imemfundisha kumwongoza mnyama asiyempenda. Mtihani ndio ulikuwa umejaribu kumfundisha hilo, katika hatua ya tatu, na hakuna aliyesikiliza, hata waandishi.

Kwa hivyo nina lawama mbili na haziendi pamoja vizuri, nakubali. Nailaumu katuni kwa kudhani kila mtu ana barabara. Na nailaumu kwa kudhani aliye na barabara hahitaji kuulizwa maswali. Ya kwanza ni lawama ya Mathe na ile barua ndani ya Biblia. Ya pili ni ya kakangu. Mitihani yetu mingi ilikuwa ya kuchuja: viti ni vichache, tafuta sababu ya kuwafukuza wengine. Mtihani wa ndege ulimwonyesha mtu dirisha ambalo lilikuwa wazi juu ya kichwa chake miaka yote. Vyote viwili vinaitwa mtihani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sidhani vinastahili jina moja. Ajabu ni kwamba Kiswahili chetu kinalitumia neno hilo hilo kwa balaa: mtu akifiwa, akiunguliwa na nyumba, tunasema amepata mtihani. Lugha ilijua kitambo.

Miezi kadhaa iliyopita nilienda Sarit, Westlands, kwenye NAICCON, nikamwona dogo mmoja amevaa kofia ya Ash na fulana yenye mistari, kama miaka kumi hivi. Mamake alikuwa amembebea mfuko wa shule na kile kitabu cha marudio cha darasa la sita, maana hata CBC imeleta mitihani yake, KPSEA iko tangu 2022. Nilitaka kumwuliza dogo kama anaijua episodi ya 56. Sikumwuliza. Alikuwa anafurahi, na foleni ya kupiga picha na Pikachu ilikuwa inasonga.

Usiku wa kuamkia mtihani wake wa pili, kakangu alikuja kulala kwangu Kangemi, kwa sababu ni rahisi kudandia gari asubuhi. Nikamwekea ile episodi kwenye laptopu. Miaka mingi baadaye, wote tumekuwa watu wazima, tunakula chapati na madondo. Mduara mweusi ukatokea.

"Jigglypuff," akasema, hata hajaangalia vizuri.

"Hiyo si haki, unajua jibu."

"Mimi nimekuwa nikisoma vivuli miezi sita." Akachukua simu yake, akanionyesha picha alizopiga mwenyewe, zote za ndege waliopigwa kutoka chini, weusi juu ya mawingu. Nilimpata mmoja tu, mwewe, wale wanaonyang'anya watu smoki tao, na hata huyo nilibahatisha. Akanifundisha: angalia mkia, umegawanyika kidogo katikati. Huyu mwingine mkia wake ni mfupi na mpana, ukipata jua utauona una rangi ya kutu. Huyu mbawa zake zimenyooka kama ubao. Aliongea karibu saa nzima. Chapati zikapoa.

Alipita, kama unataka kujua. Beji ameibana kwenye kofia, ni kitu kidogo, ukiwa mbali huioni. Kundi la kwanza la siku kumi bado halijaja. Anasema wanangoja msimu.

Ushauri wangu: zitazame hizi mbili kwa mfuatano, ya tisa kwanza, halafu ya 56. Ya tisa ni kazi nzuri iliyokamilika. Ya 56 ni kazi iliyovunjika katikati, na mimi ndiyo narudia. Na ukifika pale kwenye mduara, simamisha. Usikimbilie Voltorb kama nilivyofanya mimi. Uliza kwanza kamera iko wapi.